Uso Lazima Uonekane

Watu wa kanisani kwetu huniambia hasira ni hasara. Mimi huwajibu kwamba kwangu hasara ilitangulia, hasira ikafuata. Nina nyumba ya kulelea watoto hapa Kangemi, chumba kimoja na veranda nyuma ya soko, na akina mama wanaoniachia watoto alfajiri huniita Ticha ingawa sijawahi kusomea ualimu. Wengi wao hutembea hadi Spring Valley kufua nguo za watu, wakarudi jioni. Chakula cha mtoto huja naye kwenye kikopo: wali wa jana, viazi, au uji mwepesi hadi unakiona kitako cha kikopo. Maziwa hayakuwepo. Kwa hiyo niliposikia kwamba kuna ofisi mjini inayolipia maziwa ya watoto katika nyumba kama yangu, nilikuwa wa kwanza kwenda kujiandikisha.

Mpango ulikuwa rahisi, au mimi niliuona rahisi. Ninunue maziwa mwenyewe, kila mtoto apate kikombe asubuhi, na mwisho wa mwezi wanirudishie gharama. Ushahidi ni picha: kila mtoto na kikombe chake, kila siku, nitume kwa simu. Nikaongea na mwanamke anayeleta maziwa ya mtungi kutoka upande wa Wangige, akakubali kunikopesha hadi mwisho wa mwezi. Mwezi ule nyumba yangu ilinukia maziwa yaliyochemka. Watoto walishika vikombe vya bluu kwa mikono miwili, vikawafunika nyuso zote, na mimi nikawa napiga picha huku nikicheka peke yangu.

Mwisho wa mwezi zikaja pesa ambazo hazikufika hata nusu ya deni. Nikavaa viatu vya Jumapili, nikaenda mjini, ghorofa ya saba. Kijana wa mezani, mpole, shati limepigwa pasi vizuri, alinigeuzia kompyuta nijionee. Picha zangu nyingi zilikuwa na alama nyekundu.

"Hizi zimekataliwa, mum. Uso haionekani."

"Hauonekani kwa sababu anakunywa."

"Exactly. Sasa tutajuaje ni yeye? Na maziwa pia hatuoni. Hiyo kikombe inaweza kuwa empty."

Nilimtazama nikidhani anatania. Hakuwa akitania. Akanionyesha picha iliyokubaliwa: msichana mdogo amekishika kikombe kifuani, kimeinama kidogo, maziwa yanaonekana, macho kwenye kamera. Siku hiyo nilikuwa nimempiga picha kabla hajaanza kunywa.

Acha niirudie, maana hata leo nikisimulia, watu hudhani nimekosea. Picha ya mtoto anayekunywa maziwa haikuhesabiwa kuwa amekunywa maziwa. Iliyolipwa ni picha ya mtoto asiyekunywa. Walioketi katika ofisi ile wamesoma, wana watoto wao nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyeuona upuuzi huo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Methali hiyo nilikuwa nikiisikia tangu utotoni nikiona ni maneno ya watu wanaopenda kulalamika, na sasa nilikuwa nimekaa mbele yake, imevaa shati la pasi.

Nilikuwa na deni, na mwanamke wa Wangige alikuwa na ng'ombe wa kulisha. Nikafanya walivyotaka. Kila asubuhi niliwapanga watoto kwenye mkeka, kila mmoja na kikombe chake. Ngoja. Shika hapa kifuani. Inamisha kidogo. Angalia Ticha. Cheka. Haya, kunywa. Nikifika kwa wa mwisho maziwa yameshika utando, na vifua vimelowa kwa ile kuinamisha. Aliyefumba macho nilimrudia. Aliyelia nilimrudia. Wanaosema samaki mkunje angali mbichi wanajua wanalosema, kwa maana watoto wale walikunjika wiki ile ile. Wale wadogo kabisa, ambao hata kukaa vizuri hawajui, walijua kukaa na kikombe wakingoja. Pesa zikaanza kurudi, karibu zote.

Kisha Jumatatu moja mama mmoja akasimama mlangoni, hataki kuondoka. Mtoto wake alikuwa na mwaka mmoja na nusu, mwembamba, na kliniki walikuwa wamemwambia kwamba uzani hauongezeki, kwamba ni lazima mtoto apate maziwa hata siku asizokuja kwangu. Mama huyo alikuwa akinunua pakiti ya Jumapili kabla ya kununua unga wake mwenyewe.

"Ticha, nikuulize kitu na usikasirike," alisema. "Hii maziwa, mtoi hunywa kweli? Ama mnampiga picha halafu mnachukua?"

Damu ilinichemka. Nikamuuliza ni nani amemwambia maneno hayo.

"Hakuna mtu. Ni yeye mwenyewe. Jana nimempea kikombe, ameshika tu hivi, ananiangalia, anacheka. Nikimwambia kunywa, anacheka tena. Nikimlazimisha, analia. Jumapili ile ingine ilikuwa tu hivyo. Sasa mimi nifikirie nini?"

Nilitaka kumfukuza. Mimi ninayewafuta watoto wa watu makamasi tangu jua halijachomoza, leo niitwe mwizi wa maziwa mlangoni pangu, na majirani wanasikia. Badala yake nilimwambia avue viatu, aingie, akae. Nikachemsha maziwa, nikayapoza, nikampa mtoto wake kikombe. Simu nikaiacha juu ya rafu.

Mtoto akakipeleka kikombe kifuani. Akakiinamisha hadi maziwa yakamwangukia tumboni. Akanitazama na kunionyesha yale meno yake machache. Akaendelea kutabasamu, hadi tabasamu lenyewe likaanza kuchoka, midomo ikitetemeka, lakini kikombe hakukiinua. Na njaa alikuwa nayo. Nilikuwa karibu kiasi cha kulisikia tumbo lake likinguruma.

Mama yake alielewa kabla yangu. Alitoa kabambe yake, simu ndogo isiyo na kamera, akaiinua mbele ya uso wake, akagonga ulimi kama kamera inavyolia. Mtoto akakiinua kikombe, akanywa hadi mwisho bila kupumua. Yule mama akalia pale pale kwenye mkeka. Mimi nikaenda kutafuta viatu vya Jumapili.

Watoto wengine niliwaacha na dada yangu, tukaenda mjini siku hiyo hiyo, mama huyo akiwa amekosa kibarua cha siku, mtoto mgongoni, mimi nimebeba themosi ya maziwa. Kijana wa mezani alitaka tungoje. Nikampita. Mkubwa wake alikuwa mwanamke wa makamo, mkarimu, akatupa viti na kutuuliza kama tutakunywa chai. Sikumweleza lolote. Nilimimina maziwa, nikampa mtoto kikombe chake cha bluu. Akakipeleka kifuani, akakiinamisha, akamtazama mwenye ofisi, akatabasamu.

"Woi, huyu ni mtamu," alisema yule mkubwa. "Na ona vile ana discipline. Wangu angekuwa ashamwaga yote hapa."

Nidhamu. Mtoto ana njaa, ameshika chakula mkononi, anaogopa kula mpaka aruhusiwe na simu, na mtu mzima anaita hiyo nidhamu. Nilikaza meno. Akatoa simu yake, akampiga picha, akatugeuzia kioo tuone.

"Hii sasa ndiyo tunataka. Uso, maziwa, kila kitu iko."

Mtoto alipoisikia kamera, akakiinua kikombe. Kikamfunika uso wote. Tukamsikia akimeza.

"Sasa mpige hii," nikamwambia.

Hakupiga. Kijana alikuwa amesimama mlangoni, akamjibia, bila ubaya wowote, kama mtu aliyeulizwa saa.

"Hiyo system itakataa, mum."

Hapo nilisema yote, na sikusema polepole. Mama wa mtoto alisema machache kuliko mimi, na yalikuwa mazito zaidi: kwamba Jumapili mtoto wake hulala njaa na maziwa yako mezani. Mkubwa alisikiliza. Macho yake yalilowa kidogo, hilo siwezi kumnyima. Kisha akasema amesikia, atalipeleka jambo hili juu. Nikamuuliza juu wapi, maana juu ya ghorofa ile hakuna kitu ila tangi la maji. Hadi leo hakuna jibu lililoshuka.

Sijatuma picha nyingine. Deni la mwanamke wa Wangige nalilipa kidogo kidogo. Wazazi huchanga kila asubuhi, anayeweza kwa anavyoweza, na zinazopatikana hutosha nusu kikombe kwa kila mtoto. Wapo wanaosema nimewanyima watoto nusu nyingine kwa kiburi changu, kwamba ningepiga picha tu na kunyamaza. Waache waseme. Wao hawakuliona lile tabasamu likitetemeka. Lakini kila ninapomimina hukasirika upya, kwa sababu kikombe ninakijua, najua kingejaa hadi wapi.

Yule mtoto alichukua muda. Simu nikaificha ndani ya pipa la unga, naye akawa anaitafuta mikononi mwangu huku maziwa yakipoa. Niliketi naye kila asubuhi, nikamshika mikono, nikamwinulia kikombe mwenyewe. Uzani wake umeongezeka, si kwa kiasi walichotaka kliniki. Siku hizi hangoji mtu. Na kikombe cha nusu, ili umalize, lazima ukiinue juu kuliko kilichojaa. Njoo usimame mlangoni kwangu saa ya maziwa. Hutaona uso hata mmoja.