Alama Hasi Niliyokuwa Naifuta

Siku yangu ya kwanza kazini Tarime, Mpima wa Wilaya hakunipa kiti. Alinipa nyundo na mfuko wa vigingi, tukaenda Susuni kupima mashamba. Kazi yenyewe, kwa ninyi mnaopimiwa na simu, ilikuwa hivi: unaanzia kigingi kimoja, unazunguka mpaka wote kona kwa kona ukipima pembe na urefu, hadi urudi ulikoanzia. Usipoangukia kigingi kilekile, umekosea, unarudia. Bwana Mpima alikuwa mtu wa maneno machache. "Binti," aliniambia, "ukikuta pengo usilifiche."

Baadaye nilihamishiwa Mugumu. Nilikuwa fundi sanifu, na fundi anapima tu, ramani anasaini mwenye shahada. Nilivumilia mpaka mvi zikaingia. Ndipo akaja Afisa Ardhi mpya, mtu mwenye heshima zake, akanieleza kwamba kazi naijua kuliko yeye, ila bila shahada hawezi kunipa kalamu. Iliniuma, sifichi. Nikajiandikisha chuo kikuu, masomo ya mbali, na umri wangu huu.

Mengine yote nilipita. Likabaki somo moja: aljebra ya mstari na kalkulasi ya vekta. Matriki, yale majedwali ya namba, niliyaweza. Vekta, vitu vyenye ukubwa na mwelekeo kama upepo, zikanikalisha chini. Nikapata sapu, yaani mtihani wa kurudia. Ukianguka sapu unadisko, chuo kinakutoa, na miaka yote uliyosoma imekwenda na maji.

Nikamwendea mwalimu wa hisabati wa sekondari ya jirani, kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Aliniamkia shikamoo, akanipa swali la kazi inayofanywa na nguvu kwenye njia iliyofungwa, yaani inayorudi ilikoanzia. Nilipata jibu, likawa hasi. Nikaifuta ile alama.

"Mama, mbona unafuta?"

"Eneo haliwezi kuwa hasi, mwalimu. Kazini tunaifuta kila siku."

"Hili si shamba, mama. Hapa hasi inakuambia nguvu inakupinga."

Nilikasirika. Nimekanyaga mipaka tangu huyu hajazaliwa, leo anifundishe kuzunguka! Lakini alikuwa mpole. Alinitoa nje, akaniomba nizunguke uwanja wa mpira kama ninavyozunguka shamba. Wanafunzi wakatoka madarasani kutazama bibi anazunguka goli. Nilipofika kona ya pili akauliza kiwanja kiko mkono gani. Kulia, nikasema, maana sisi wapima twafuata mkono wa saa. Akaniambia wanahisabati huzunguka kiwanja kikiwa kushoto, na ukienda kinyume jibu linageuka alama. Kumbe hesabu ile niliifanya maisha yangu yote, ila kwa kinyumenyume, na mkono wangu ulizoea kufuta ushahidi. Nilicheka mpaka nikakaa kwenye nyasi.

Tulirudia kila Jumamosi. Siku ya mtihani, kabla ya kila swali la vekta, niligeuza bega langu la kushoto kidogo pale kwenye kiti. Msimamizi alinitazama vibaya, labda alidhani nachungulia kwa jirani.

Matokeo yalinikuta nje kidogo ya Mugumu, katikati ya shamba la mzee mmoja, kwa simu. C. Nikainama juu ya kigingi nikalia. Mzee akaja mbio na fimbo yake, akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, nimefaulu hesabu.

Mzee akashusha fimbo. "Sasa hili shamba langu," akasema, "ulikuwa unalipima hujafaulu?"

Mwenye shamba ana haki ya kuuliza. Nikajifuta uso, nikarudi kigingi cha kwanza, nikaanza upya mbele ya macho yake.

Sasa nimestaafu, na vijana wananicheka kwa C yangu. Wacheke. Ramani ya shamba lile niliisaini mimi.