Karanga Zilizofungwa kwa Vitabu

Nikisikia harufu ya karatasi iliyolowa mafuta ya karanga, narudi kimawazo mji wetu mdogo wa Mpemba, kwenye duka la vitabu la kikundi cha akina mama. Walikuwa wakichambua maharage humo huku mmoja akisoma kwa sauti kitabu cha haki za wajane. Mama alikuwa mjane, na baba mdogo alilitaka shamba letu la kahawa.

Siku hiyo baba mdogo aliingia na rafiki yake, mwenyekiti wa mtaa. Hao wawili ndio waliofanya haya ninayosimulia, nasema wazi.

"Shemeji, hapa mnafundishana ujeuri!" baba mdogo alimfokea mama.

Vitabu wakavibeba, wakampa muuza karanga afungie karanga zake.

Tangu hapo mama akawa ananunua karanga kila siku. Hakuzila. Hakujua kusoma, hivyo alininyooshea gotini karatasi iliyozifunga.

"Nisomee. Pametajwa shamba?"

"Hapana, mama. Mbona unanunua kila siku, kwani karanga si ni zilezile?"

"Kula, mwanangu."

Sikuelewa kitu. Shamba likachukuliwa, na shule nikaachishwa.

Leo nimenunua karanga stendi. Nimempa mwanangu zote, karatasi nikainyoosha gotini, nikasoma kwa kuungaunga. Shamba halikutajwa.