Shemeji Aliyerusha Ndege Sebuleni

Shemeji yangu ni fundi friji, na friji ya nyumbani kwake haijawahi kugandisha hata maji. Mganga hajigangi. Mikono yake imejaa makovu ya kuchomea mabomba, na ndege yenyewe hajawahi kuipanda maishani. Lakini mtaa mzima unamwita Kapteni, jina alilopewa kwa utani na mke wake, mdogo wangu wa tumbo moja.

Alikuwa na kompyuta aliyouziwa na mtu aliyefunga duka la intaneti, na ndani yake mna mchezo wa kurusha ndege. Ukimwambia ni mchezo, ananuna. Akitoka kazini anajifungia sebuleni na usukani wake wa plastiki, kaufunga mezani kwa waya. Kwanza anapanga safari: uwanja wa kuondokea, njia ya kupita, uwanja wa kutua. Kisha anaupakia mpango huo kwenye programu ya ramani inayotembea, na hapo njia inatokea kama mstari wa rangi ya waridi, na kindege kinaufuata. Ramani hiyo aliiunganisha na tableti iliyopasuka kona, na tableti ilikaa jikoni kwa mdogo wangu. Kindege kikianza kushuka, mdogo wangu anabandika chai.

"Kapteni!" anapaza sauti. "Ukipita juu ya soko nishushie nyanya!"

"Leo kuna mawingu, bibie!"

Ndivyo walivyopendana hao, kila mtu chumbani mwake. Mimi nilikuwa nacheka tu.

Kisha mdogo wangu akaugua. Ugonjwa ulianzia tumboni, ukamla mpaka akabaki macho tu. Hospitali wakatuambia tumrudishe nyumbani, na sisi si watoto, tulielewa. Nikahamia pale kumuuguza. Alitaka kitu kimoja tu, kuuona tena mji tulikozaliwa, ng'ambo ya ziwa. Lakini kumgeuza tu kitandani alikuwa analia, sembuse safari!

Shemeji akasema, "Nitampeleka mimi."

"Utampeleka na nini? Na hilo sanduku lako?"

"Uwanja wa kwenu umo, dada. Mdogo, lakini umo. Ataangalia kwenye ramani mpaka tunatua."

Nilitaka kumtukana. Maana tangu mkewe alale, yule bwana hakai naye ng'o! Analeta maji, analeta dawa, anakaza feni, anapanga mito, huyoo, katoka. Mtu mzima anamkimbia mke wake! Lakini mdogo wangu alitabasamu aliposikia habari ya safari, na tabasamu lenyewe lilishakuwa adimu. Nikameza maneno yangu.

Waliondoka mchana, baada ya dawa. Tableti niliiegemeza kwenye mto, karibu na uso wake. Mstari wa waridi ulitoka kwetu hapa, ukapinda kuelekea ziwani, ukaishia kule. Kindege kikapaa, naye akawa anakifuata kwa macho. Kilipofika pale penye kona, hakikukata kona. Kikaenda zake moja kwa moja na kuuacha mstari.

"Dada," akaninong'oneza, "Kapteni kapotea."

Sebuleni nilimkuta shemeji kashika kichwa. "Mpango nimeupakia kwenye ramani, nikasahau kuuingiza kwenye ndege! Ramani inaonyesha tu, dada, haiongozi. Ndege ina kichwa chake cha kujiongoza." Ni kosa alilolifanya zamani alipokuwa anajifunza, na mke wake alimcheka wiki nzima. Sasa hivi alikuwa anakosea vitufe. "Nipe muda kidogo. Nauingiza, nageuza."

Niliporudi chumbani, mdogo wangu alikuwa kabadilika. Pumzi inakuja, inakaa, ndipo inatoka. Nikamshika mkono, ulikuwa wa baridi.

"Mwite," akasema.

Nikaita. "Shemeji! Njoo, anakuita!"

"Nakuja! Nimesharudi kwenye mstari, navuka ziwa!"

Ziwa! Nikamfuata hadi mlango wa sebule, nikamtolea uvivu. "Kisimamishe hicho kitu! Kitufe chake si kipo? Hata mimi nakijua."

"Ndege haisimami angani, dada."

"Mwoga mkubwa wewe! Mkeo yuko chumbani, hayumo humo!"

Hakugeuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kwenye kola, na macho hayatoki kwenye kioo. "Nitue tu," akasema. "Nikitua nakuja. Nilimwahidi." Ningemburuta, haki ya Mungu ningemburuta, lakini niliogopa kumwacha mdogo wangu peke yake. Nikarudi.

Haikuchukua muda. Alivuta pumzi moja ndefu, akaitoa, na baada ya hapo nikawa nasikia feni tu. Nikamfumba macho. Kwenye tableti kindege kilikuwa kimeanza kushuka. Ingekuwa zamani, angekuwa anabandika chai.

Sikuita tena. Nilikaa nikisikiliza injini ikipungua, magurudumu yakigusa chini, kisha kiti kikisukumwa. Akaingia mbio, anafuta mikono kwenye suruali, analia na kucheka kwa pamoja.

"Tumefika, bibie! Nimetua katikati kabisa, hata hukutikisika!"

Akaniona nilivyokaa. Akamtazama mkewe. Akakaa sakafuni pale pale.

"Lakini aliona?" akaniuliza. "Dada, niambie, aliona tulivyotua?"

Ningeweza kumdanganya, na pengine ingekuwa thawabu. Lakini nilikuwa nimechoka, nina hasira, na aliyelala pale ni damu yangu.

"Ramani alishaiacha," nikamwambia. "Alikuwa anaangalia mlango."