Santuri Iliyooshwa kwa Maji ya Mvua

Enzi zetu muziki ulioshwa kwanza, ndipo ukasikilizwa. Wenzangu mliokulia kando ya reli ya kati, mkalazwa na mngurumo wa mabehewa na kuamshwa na vumbi la Dodoma puani, mtanielewa. Wengine mtadhani nawapiga kamba.

Tulikaa Zuzu, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Baba alikuwa mnyapara wa genge la kutengeneza njia, watu wa nyundo, koleo na pima maji. Alikuwa mtu wa Kondoa, mkimya, mwenye mikono mikubwa, na hakuna kilichomuudhi kama kitu kilichokaa upande. Picha ukutani ikiinama kidogo tu, chakula hakimshuki mpaka ainyooshe. Mama alikuwa Mgogo wa Gulwe, mcheshi, na alimtania sana kwa tabia hiyo. Sisi watoto tulikula ugali wetu wa uwele na mlenda, tukacheza rede mpaka miguu ikawa myeupe kwa vumbi, na jioni tukasuguliwa kwa dodoki huku tunapiga kelele. Hatukujua kama kuna kitu tunakikosa, mpaka santuri ya babu ilipoingia nyumbani.

Babu huyo, baba yake mama, alikuwa mpigaji wa marimba, yale ya kushika mapajani ambayo Wagogo huyaita ilimba: kisanduku cha mbao chenye vijiti vya chuma vinavyochezewa kwa vidole gumba. Kabla sijazaliwa walifika Gulwe wageni wenye mashine ya kunasa sauti. Wakamrekodi, wakamshukuru, wakaondoka. Baada ya muda mrefu ikaja santuri kwa posta, nyeusi, inang'aa, sauti ya babu imo ndani yake. Tatizo ni kwamba pale kijijini hapakuwa na mtu mwenye gramafoni. Babu akaifunga kwenye kitambaa, akaitia sandukuni. Miaka ikapita, vidole vikakakamaa, marimba akayaacha hata kabla mama hajaolewa. Watu wote walijua kwamba mzee amo ndani ya ile sahani, na yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kujisikia.

Siku moja mjomba akaja kutoka Gulwe na ile santuri kwapani, na habari mbaya. Masikio ya babu yalikuwa yanaziba. Ukitaka akusikie ilibidi ukae ubavuni pake, na upande wa kushoto hasikii kabisa. Mama alilia pale pale jikoni, mwiko mkononi. Wiki iliyofuata baba alirudi kutoka mjini na gramafoni ya betri aliyoinunua kwa mwalimu aliyehamishwa, akaiweka mezani na kusema, "Mzee atajisikia kabla masikio hayajafunga. Na atajisikia vizuri."

Basi nyumba yetu ikawa ya kwanza pale kwenye nyumba za reli kuwa na gramafoni, na hilo nalisema kifua mbele hadi leo. Majirani walijaa dirishani. Baba aliwasha, akashusha sindano, na kilichotoka kilikuwa kama karanga zinakaangwa kwenye kikaango. Kwa mbali, chini ya zile karanga, kulikuwa na mtu anapiga marimba. Mama hakuwepo. Alikuwa ameapa kwamba hatasikia yeye kabla ya babu mwenyewe, kwa hiyo kila baba alipotaka kujaribu, mama alichukua ndoo akaenda kisimani. Nadhani nyumba yetu haijawahi kuwa na maji mengi kama kipindi kile.

Hapo ndipo nilipomwona baba yangu akifanya kazi, nami nilikuwa msaidizi wake nisiyeruhusiwa kupiga chafya. Alianza na meza. Akaleta pima maji ya reli, ile ndefu ya mbao, akaiweka juu ya gramafoni, akatia vipande vya kadibodi chini ya miguu mpaka kale kapovu ka kwenye kioo chake kakakaa katikati. Treni ya mizigo ilipopita, sindano ikaruka. Akaiweka gramafoni juu ya mto wa sufi, kisha juu ya mto akatia ubao, akapima tena. Treni iliyofuata ikapita na sindano haikutikisika. Alitabasamu peke yake, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwake. Juu ya mkono wa sindano yule mwalimu alikuwa amebandika sarafu ili isiruke. Fundi wa Kizota aliyemuuzia baba sindano mpya alimwambia aibandue haraka, maana uzito ule unailima santuri badala ya kuisoma.

Zile karanga ziliendelea kukaangika. Tukaiosha santuri. Baba aliishika kwa kingo, mimi nikamimina maji, yeye akafuata mifereji kwa kipande cha kanga kuukuu kilicholainika, akizunguka taratibu bila kulowesha ile karatasi ya katikati. Tukaikausha kivulini, kwa sababu jua letu lingeikunja kama chapati. Ilipokauka tuliona utando mweupe. Mnayajua maji ya visima vyetu: ukichemsha chai, sufuria linabaki na chokaa na chumvi. Tulikuwa tumeinywesha santuri chumvi, na sasa ilikaanga karanga za kijiji kizima. Baba alikaa chini akashika kichwa. Mama, aliporudi na ndoo yake, alimtazama, akaingia ndani akatoka na mtungi wa maji ya mvua aliouficha tangu mvua zilipokatika, ya kumpikia babu chai atakapokuja.

"Mzee atakunywa chai ya chumvi kama sisi," alisema. "Osha."

Tukaosha upya, kwa sabuni kidogo, tukaisuuza kwa yale maji ya mvua. Rede yetu ikapigwa marufuku upande wa dirishani na kuhamishiwa nyuma ya choo. Sakafu ilinyunyiziwa maji kabla ya kufagiliwa. Na kwa kuwa hewa ya kiangazi ni kavu, santuri ikivuta vumbi kama chanuo linavyovuta nywele, baba aliipangusa kila mara kwa kitambaa chenye unyevunyevu. Mwisho akashusha sindano, na karanga zikawa zimeisha. Kimya kabisa. Nilitaka kupiga vigelegele.

Kisha marimba yakaanza, na kila babu alipogusa chuma, nyuma ya mlio kukawa na mvumo, zzzz, kama nyuki kwenye kibuyu. Uso wa baba ukashuka. Akaosha tena. Akakaza skrubu zote za spika. Akaifungua spika akatafuta karatasi iliyochanika, hakuiona. Mvumo uko pale pale. Na wakati huo mama alikuwa ameshapanda treni kwenda Gulwe kumchukua baba yake.

Waliwasili jioni. Babu alikuwa mwembamba, amevaa koti la sherehe, na mama alimshika mkono wa kulia ili aongee na sikio linalosikia. Baba alimwamkia kwa mbali kidogo, kama inavyompasa mkwe, kisha akamvuta mama pembeni. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Mama Nyemo, mashine imenishinda. Inavuma. Tumwambie imeharibika, nitatafuta fundi."

"Akirudi Gulwe leo, mwakani atakuja kusikia nini?" mama alijibu. "Weka hivyo hivyo."

Babu akakalishwa, sikio lake zuri likielekezwa kwenye spika. Majirani wakajaa mlangoni. Baba alipangusa santuri mara ya mwisho, kwa mkono ule uliobeba mataruma ya reli maisha yake yote. Akashusha sindano.

Kimya. Halafu marimba, na ule mvumo.

Babu alikunja uso. Akainua kidole, tukadhani ataomba izimwe. Akasikiliza. Kisha akacheka, akampiga mama begani. "Utando bado mzima!" alisema kwa nguvu, kama wasemavyo wasiosikia vizuri. Mama naye akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, na ndiye aliyetueleza. Kwenye kisanduku cha marimba ya Kigogo kuna tundu, na juu ya tundu hubandikwa utando mweupe wa buibui ili kila mlio uvume. Bila mvumo huo, marimba ni vyuma tu. Baba yangu, mtu wa Kondoa aliyekuta mkwewe ameshayaacha marimba, alikuwa siku zote hizo akihangaika kuosha kitu ambacho babu alitembea vichakani kukitafuta.

Babu aliomba irudiwe. Vidole vyake vilivyokakamaa vilikuwa vinacheza juu ya magoti. Ilipokwisha akageuka, akatuuliza kwa sura ya utani, "Kijana huyu ni wa wapi? Anajua kupiga." Halafu akamtafuta baba kwa macho, akamwita "mwanangu", si mkwe, na kumwambia kwamba amemsikia buibui wake wazi kabisa. Sijawahi kumwona baba akiwa mrefu kama jioni ile. Kesho yake genge zima lilikuwa na habari, na mimi shuleni niliisimulia mpaka mwalimu akanitoa nje.

Mwaka huu mwanangu wa mwisho amenunua gramafoni, anasema ndiyo mtindo. Ameiweka kwenye kabati moja na spika, kabati lenyewe linayumba, sahani anazishika katikati kama anashika kitumbua, kisha analalamika kwamba zinakwaruza. Nilicheka mpaka nikakaa. Vijana hawa wimbo ukichelewa kuanza wanauruka, kimya kinawatisha. Nilimfundisha yote, pima maji, mto, kanga kuukuu, na nikamkatalia maji ya bomba. Alinitazama kwa heshima ambayo sijaiona tangu aanze chuo.

Babu hakuufikia mwaka uliofuata aisikie tena, na baba naye tulimzika zamani. Santuri ninayo. Wanangu wana sauti zao tele kwenye simu, wakicheka, wakila, wakipiga miayo, na hawakumbuki walizirekodi lini. Sauti ya baba sina popote. Hakuna wageni waliokuja na mashine kwa ajili ya mnyapara wa reli, na sisi aliotulea hatukuwa na chombo. Lakini nikishusha sindano kwenye ile santuri, kabla kidole cha babu hakijagusa chuma cha kwanza, kuna kimya kisicho na chembe ya vumbi, kile alichokiosha baba. Watoto wakianza kuongea hapo nawanyamazisha. Nawaambia, "Msikilizeni kwanza babu yenu."