Sufuria ya Koko Iliyobaki Kwetu

Habari ilinikuta darasani, simu ikiwa chini ya dawati na mwalimu wa hesabu ametupa mgongo. "Koko wa Campbelltown ametutoka asubuhi hii. Ni moyo." Kikundi cha kanisa kikajaa nyuso zinazolia na viganja vya kuomba, halafu mjomba mmoja ambaye hajawahi kuzielewa hizo picha akatuma keki ya siku ya kuzaliwa. Nikacheka kwa sauti. Mwalimu aligeuka akaniuliza kinachonichekesha, akanikuta tayari nalia. Nyinyi mnaosoma ukurasa huu mmezoea niwaletee vituko, kama ule wa mchungaji aliyehubiri akiwa na masikio ya paka kwenye kioo cha simu. Leo mnivumilie. Nimechoka, na nadhani hata nyinyi mmechoka kuzika watu kwenye simu.

Koko ni jina ambalo Wakongo humwita nyanya. Hakuwa nyanya yangu. Sisi ni Wakenya tunaoishi ugenini, Toongabbie, magharibi mwa mji. Yeye alitoka mashariki ya Kongo, akaletwa hapa kama mkimbizi, akaishi peke yake kwenye nyumba ya serikali huko Campbelltown. Kutoka kwetu mpaka kwake kwa treni unaweza kusinzia, kuamka, kugombana na mdogo wako, mkapatana, na bado hamjafika. Kwa hiyo tulimjua kwa sauti tu. Kwenye ibada za mtandaoni alikataa katakata kuzima kipaza sauti chake, na mwaka mzima tulisali tukimsikia akitwanga kinuni. Nikimsalimia kwa Kiingereza alinijibu, "Mutoto, ulimi yako umeacha wapi?" Kama mnanisoma kwa Kiswahili leo, mlaumuni yeye.

Mnakumbuka tulipofungiwa kwa corona. Wa mitaa ya pwani waliogelea, sisi wa magharibi tukapewa helikopta za polisi juu ya paa. Hapa kwetu kila kitu kilihamia kwenye simu: shule, sala, zamu za kazini, majibu ya vipimo, hata ruhusa ya kuingia dukani kununua unga. Simu hiyohiyo ilikuchorea duara kuzunguka nyumba yako, na bila sababu ya kazi hukanyagi nje ya duara hilo. Parramatta na maghorofa yake ya vioo ikabaki tupu, watu wa kompyuta wakifanya kazi kwenye vitanda vyao. Akina mama wetu wa kutunza wazee na wajomba wetu wa maghala wakaendelea kutoka kila siku, maana mzee haogeshwi kwa kompyuta na boksi halijibebi. Mama yangu ni nesi. Corona ilimpata kazini, akaja nayo nyumbani, tukaanguka wote.

Hapo ndipo Koko alipotuma ujumbe wa sauti kwenye kikundi. "Nesi wetu iko mugonjwa na batoto yake, na shiye tunakaa tu? Nimepika sombe. Mwenye anaishi karibu na mimi aje achukue, apatie mwenye iko karibu yake, vile vile mpaka ifike."

"Koko, hiyo itafika Krismasi," mtu akamjibu.

"Basi watakula Krismasi!"

Nikiwa na homa yangu, nilikaa kitandani nikachora maduara ya waumini kwenye ramani. La kwake na la kwetu yalikuwa mbali kama ndugu waliogombania shamba, lakini katikati kulikuwa na watu, na mahali fulani kila duara liligusa la jirani yake. Sufuria ikaanza safari. Ilipokelewa kwenye maegesho, pembeni ya viwanja vya mpira, juu ya boneti za magari, watu wamevaa barakoa na kusalimiana kwa viwiko. Ilipita Liverpool kwa dada anayetunza walemavu, ambaye majirani zake Wairaki walimuuliza anapika nini. Ilipita Fairfield kwa mzee Mrundi wa ghalani, mjane asiye na mtu. Polisi alimsimamisha huyo mzee akataka kujua amefunika nini kwenye taulo. Mzee akafunua. Polisi akanusa kupitia barakoa yake, akamwambia awahi kabla haijapoa. Kutoka hapo ikaenda Merrylands kwa mwanafunzi Mkenya, ambaye naapa alionja, halafu ikatua mlangoni petu. Majani ya muhogo, samaki mkavu, mawese. Nilikuwa sisikii ladha ya kitu chochote wiki nzima. Sombe ile niliisikia, au nilijidanganya, sijui.

Tulipopona nikaiosha sufuria nikataka kuipeleka Merrylands. Mama akanishika mkono. "Unarudishaje sufuria ya mtu tupu? Umelelewa wapi wewe?" Nikapika chapati. Siku mbili baadaye sauti ya Koko: "Wakenya! Hii ni mukate ama ni ngozi ya kiatu?"

"Koko, nimepika mimi."

"Njo maana! Lakini nimekula yote, mutoto."

Naye, bila shaka, hakuweza kuiacha ikae tupu. Akaijaza, ikarudi. Tukaijaza, ikaenda. Mzee wa Fairfield akaanza kutia maharage yake njiani, dada wa Liverpool akatia mandazi, na mahali fulani mfuniko ukabadilishwa, tukabaki na mfuniko mdogo unaotumbukia ndani. Adabu yetu ya kutorudisha chombo kitupu ilikisukuma kile chombo huku na huko mpaka tukafunguliwa. Siku tulipofunguliwa, sufuria ilikuwa kwetu.

Na hapo ndipo ninapochoka kabisa. Maduara yalifutwa, treni zikaanza kwenda, barabara nyeupe kutoka kwetu mpaka kwake. Sufuria ikapanda juu ya kabati. "Jumamosi tutampelekea," mama alisema, halafu akapewa zamu Jumamosi. Jumamosi nyingine alikuwa na nafasi lakini hakuwa na nguvu ya kupika kitu cha maana. Nikamwambia tuende nayo tu. "Mama wa watu ametulisha tukiwa wagonjwa, leo nimpelekee chuma? Atasema nini?" Koko mwenyewe alituma sauti: "Sufuria yangu iko aje? Munaipa chakula? Ambia mama asipike. Mulete tu, hata na hewa ndani." Mama alitabasamu kwa uchovu, akasema hawa wazee wana heshima sana, kumbe wanataka kitu kizuri. Adabu ileile iliyoitembeza sufuria mji mzima ndiyo iliyoipandisha juu ya kabati.

Tuliipeleka matangani, imejaa nyama. Ilikaa mezani kati ya sufuria nyingine nyingi, nayo ilikuwa ndogo kuliko zote. Mzee mmoja alisimama mbele yake akiuangalia ule mfuniko. Kwa vile alivyouangalia nikajua ni mzee wa Fairfield, maana sura yake sikuwahi kuiona.

"Ndiyo hii?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee."

Akatazama picha ya marehemu ukutani. "Kumbe alikuwa na mwanya," akasema. "Nilibeba chakula chake muda wote ule. Nilikuwa nangoja nipate siku nzuri nije kumsalimia."

Mpwa wa Koko hakutaka tumwachie sufuria. "Mukae nayo," alisema, na kwa kuwa amelelewa vizuri, akaijaza sombe kabla hatujaondoka. Tukarudi nayo Toongabbie, mama akiendesha gari. Sombe ikaisha. Nikaiosha, na nikaona mama anaangalia juu ya kabati.

Juzi, baada ya shule, nikapanda treni kwenda Fairfield nimeipakata. Mama alipiga simu mara tatu kuniuliza nimeweka nini ndani. Sikupokea. Mzee alifungua mlango akiwa bado na fulana ya ghalani inayong'aa, akaipokea kwa mikono miwili, akaipima uzito, akashangaa.

"Kuna nini humu, mwanangu?"

"Hewa, mzee."

Alifunua, akachungulia mpaka chini. Halafu akarudisha mfuniko haraka, kama mtu anayeogopa chakula kitapoa, akasogea mlangoni nipite.

Angalieni juu ya kabati zenu. Kuna chombo cha mtu hapo. Msipike. Nendeni nacho.