Mama wa Kilobaiti Nane

Kosa lenyewe lilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya, kwa hivyo nitalisema mapema tusisumbuane: niliipunguza picha ya mama yangu, kisha nikaihifadhi juu ya ile kubwa. Kila mtengenezaji wa tovuti amewahi kufanya hivyo na picha ya mtu mwingine. Mimi nilifanya na ya mama.

Nilikuwa nimeajiriwa katika ofisi ndogo Kilimani, ofisi iliyokuwa zamani chumba cha kulala cha watu. Tulikuwa watatu na bosi. Mwanzoni tulitumia programu ya picha ya wizi, kama mji mzima. Halafu bosi akasikia kwamba kuna watu wanapita ofisini wakikagua leseni, akaingiwa na baridi, akafuta kila kitu asubuhi moja na kutuwekea programu za bure. "Za bure na halali," alisema, akijivuna utadhani kaziandika yeye. Ile ya kuhariri picha ilifunguka kwa madirisha matatu yaliyotawanyika kwenye kioo cha kompyuta: vifaa huku, picha kule, na la tatu limejificha nyuma ya barua pepe. Niliitukana wiki mbili. Wiki ya tatu nikaanza kuitetea mbele za watu.

Sitaki kuisingizia. Chombo hakikukosa. Kilifanya nilichokiambia, na mimi ndiye niliyekuwa bize kujiona hodari. Siku hizo intaneti ilipitia laini ya simu, na picha nzito iliua ukurasa. Bosi alitaka ukurasa ufunguke kabla mteja hajachoka akaenda kuchemsha chai. Basi mikono ikajifunza wimbo wake: kata, punguza, shusha ubora, hifadhi. Hata haikuhitaji kichwa.

Mama aliendesha shule ya chekechea kwetu Waithaka, vyumba viwili vya mabati ndani ya ua. Nilipomwambia nitamtengenezea tovuti, alicheka hadi akashika mlango. "Watoto wangu wanakuja kwa miguu," alisema. "Hakuna mwenye anakuja na kompyuta." Lakini alikubali, kwa sababu alijua nilikuwa nataka kujionyesha kwake.

Jumamosi moja niliazima kamera ya ofisi. Mjue kwamba mama hakuwa na picha. Katika picha za harusi zote za ukoo wetu yuko jikoni, na ukimtafuta sana utapata mkono ulioshika mwiko. Siku hiyo nilimkuta mlangoni mwa darasa, chaki shavuni, mtoto mmoja ndani amesema neno la kuchekesha. Akageuka kuniangalia huku bado anacheka. Nikabonyeza.

Jumatatu nikaiweka kwenye kompyuta. Nikakata mlango, nikakata ukuta, nikabakiza kichwa na mabega. Nikaipunguza hadi upana wa vidoti mia na ishirini, ukubwa wa stempu kwenye kioo, nikashusha ubora hadi kilobaiti nane. Nikahifadhi. Kadi ya kamera ilifutwa siku hiyohiyo, maana kulikuwa na mteja wa hoteli aliyetaka vyumba vyake vipigwe picha. Ukurasa wa mama ulifunguka upesi kuliko zote tulizowahi kutengeneza, na bosi akanisifu mbele ya wenzangu.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye mama aliugua. Alilazwa hospitali huko Upper Hill wiki tatu, na Jumanne asubuhi akafariki. Siwezi kuandika zaidi ya hapo kuhusu hizo wiki tatu. Nimejaribu.

Nyumbani watu walikuja kupanga mazishi. Kaka yangu mkubwa, ambaye hupata nguvu akishika kalamu, aligawa kazi. "Chakula ni akina mama wa kanisa. Gari ni ya mjomba. Picha na kitabu cha mazishi ni wewe. Si wewe ndio wa kompyuta?"

Baba aliinama mbele kwenye kiti chake. Ndipo aliposema, "Nataka ile anacheka pale mlangoni. Ile uliweka kwa kompyuta."

"Tunaweza kutumia ya kitambulisho," kaka alisema. "Hiyo iko hapa."

"Huyo wa kitambulisho anakaa kama mtu ameshikwa na polisi," baba alisema, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Kisha akanigeukia. "Na iwe kubwa. Macho yangu unayajua."

Nilikuwa nayajua. Yalikuwa na ukungu miaka mingi, na hakuweza kuona kitu mpaka akisogeze karibu na pua. Picha ile alikuwa ameiona mara moja tu, ofisini kwetu, paji la uso likikaribia kugusa kioo, akasema, "Eeh. Ni yeye." Nikamwahidi kwamba itakuwa kubwa, na niliahidi kwa moyo mweupe. Niliamini ile kubwa ipo.

Kesho yake nikaenda ofisini, nikafungua folda, nikakuta faili moja. Kilobaiti nane. Nikatafuta kwenye folda nyingine, kwenye mashine za wenzangu, kwenye sidii za akiba. Hiyo moja tu.

Basi nikaikuza. Uso wa mama ukageuka miraba. Jicho la kushoto lilikuwa miraba kumi hivi ya rangi ya kahawia, na ile chaki ya shavuni ilikuwa miwili, myeupe kidogo kuliko mingine. Nikailainisha, akawa kama sabuni iliyolala majini. Nikainoa, akatoka mikwaruzo. Mfa maji haachi kutapatapa: nilipakua kila programu ya bure iliyodai inarudisha picha. Mwenzangu mmoja akaichukua kadi ya kamera akajaribu kufufua vilivyofutwa. Vikatoka vitanda vya hoteli. Vitanda kumi na vinne vilivyotandikwa vizuri, na mama hayupo.

Nilimwambia kaka peke yake. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. "Lakini kwa sinema si wanavutanga picha mpaka namba ya gari inaonekana?" aliuliza. Nikamwambia ile ni sinema. Akanitazama kama mtu anayeshuku kwamba sijasoma vya kutosha, na wakati huo hata mimi nilishuku hivyo.

Baba alipouliza, nilimwambia inachapishwa.

Nikaipeleka kwa fundi wa studio mjini, mtaa wa chini, mtu maarufu kwa kuwavisha marehemu pichani suti ambazo hawakuwahi kununua. Akaifungua, akaikuza, akanigeukia.

"Siste, leta ile kubwa."

"Hakuna kubwa."

"Nani alifanya hivi?"

Nikasema ni mtu wa ofisini.

"Huyo mtu amekuharibia. Sikiza, hapa hakuna mtu, ni rangi tu. Naweza kukuwekea maua nyuma, naweza kukuwekea hata kofia. Lakini uso siwezi kuumba. Hiyo ni kazi ya Mungu."

Nilimkasirikia kwa kusema kweli. Nilimwambia kazi yake ni kuchapisha, achapishe. Akachapisha, akaisimamisha kwenye meza, akanishika bega akanirudisha nyuma hatua kwa hatua mpaka mlangoni. "Angalia sasa," alisema. "Ukiwa mbali iko sawa."

Na kweli, pale mlangoni miraba iliungana na mama akarudi, anacheka, chaki shavuni. Nililia mbele ya wateja wake. Nikaitia kwenye fremu kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, nikajiambia kwamba kanisani watu hukaa mbali.

Siku ya mazishi fremu iliwekwa mbele, kando ya jeneza, na kutoka benchi la tano alikuwa mama kabisa. Akina mama wa kanisa walinishika mkono. "Picha imetoka vizuri, mami. Ni yeye kabisa." Nikasema asante. Nilipokea zile sifa kama mwizi anayepokea risiti, lakini nilizipokea.

Ibada ilipokwisha, familia ilipita mbele kuaga. Baba alinishika mkono, akatembea polepole. Jeneza lilikuwa limefungwa tayari, kwa hiyo alikwenda moja kwa moja kwenye picha. Nilimwambia, "Baba, twende, watu ni wengi." Hakunisikia, au hakutaka. Akaiinua fremu kutoka kwenye kistuli kwa mikono miwili, akaisogeza usoni. Akaisogeza zaidi, mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Akapangusa kwa mkono wa koti. Akageukia dirishani kutafuta mwanga, akaangalia tena, kona hadi kona, bila haraka, kama alivyozoea kusoma barua.

Kisha akanirudishia, kwa upole, ili asimwaibishe mtu yeyote.

"Wamekosea," aliniambia. "Hapa hakuna mtu. Enda uwaambie wakupatie ile yake, mimi nitangoja."

Akajishikilia kwenye kona ya jeneza, akangoja.