Mlango wa Mzazi Haufunguliwi kwa Foto

Kila gari la wageni likifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kutoka Lilongwe, Mama Kabibi njo alikuwa anaitwa. Anaacha cherehani yake, anafunga kitambaa kichwani, anasali kidogo, kisha anawatembeza. Kanisa lilimchagua yeye kwa sababu Kichewa anakijua vizuri na mdomo wake hauchoki. Aliwapeleka sokoni kwa mafundi wa nguo, akawapitisha kwenye mazoezi ya kwaya, akawapeleka kwa wachoma matofali, na kwa yule mama wa Bukavu anayekaanga usipa, dagaa wa ziwa la Malawi, na kuwaita sambaza kama kwao mpaka leo.

"Mambo ya kuona kwetu njo haya," aliwaambia, na wageni walinunua, walicheka, walionja.

Kazi hiyo hakuisomea. Alizaliwa Kalundu, bandarini pa Uvira kule Kongo, na baba yake alikuwa mpagazi wa mizigo. Kule nako wageni walikuwa wanakuja. Vijana wa bandari waliwaonyesha meli zinazotoka Kigoma, mashine za kunyanyua mizigo, kiwanda cha sukari kule Kiliba, na jioni viboko wakitoka ziwani kula majani. Siku moja mgeni akataka aonyeshwe wapagazi wanalala wapi. Baba yake Kabibi, jasho likimtiririka mgongoni, akamjibu, "Bandari ni ya serikali, angalia mpaka ushibe. Nyumba ni ya mama ya batoto." Mgeni akaridhika na viboko.

Basi Alhamisi moja Evariste, mkuu wa komite ya wageni, akaja na Bazungu wanne pamoja na Mai Nkhoma, Mmalawi wa kanisa moja la Area 47 pale Lilongwe, aliyewaleta. Evariste ni mtu wa Fizi, amelelewa vizuri, ila mbele ya wageni hujisahau.

"Mama, leo soko tunaruka," alisema. "Wageni banataka kuona maisha yenyewe. Tunaanzia kwa Gabriella."

Gabriella alikuwa jirani yake Mama Kabibi, na alikuwa amejifungua juzi tu. Mvua ilikuwa imeangusha ukuta mmoja wa nyumba yake, na mumewe Junior alikuwa ameziba pale kwa turubai.

"Kwa Gabriella kufanya nini? Ule mutoto hajatoka hata inje."

"Njo maana, Mama. Ukuta umeanguka, mutoto muchanga, mama yake amelala chini. Bakiona ile, roho itabauma, batatusaidia sisi wote."

"Gabriella alikubali?"

Evariste akaangalia viatu vyake. "Atakubali tukifika."

Kwao mwanamke aliyetoka kujifungua anaitwa mzazi, na kwa mzazi hauingii hivi hivi. Unakuja na sabuni mkononi, unanawa, unakaa, unakula unachopewa, unamwombea mtoto. Na kabla mtoto hajatolewa nje, hapigwi foto. Evariste alilijua hilo kama jina la mama yake.

Mama Kabibi hakubishana tena. Alikata njia nyuma ya choo, akawatangulia, na walipofika walimkuta amesimama mlangoni kwa Gabriella, mikono kiunoni.

"Mama Kabibi, ni banani?" sauti ya Gabriella ikauliza ndani, imejaa woga.

"Lala, binti yangu. Ni upepo tu."

"Mama, toka mulangoni," Evariste akasema. "Unanipatisha haya mbele ya batu."

"Haya uko nayo? Nilizani uliiacha Fizi."

Dereva wa kabaza akasimamisha baiskeli yake ya kubeba abiria na kucheka waziwazi. Evariste akapandisha sauti.

"We si mutu wa sala? Hata Bwana Yesu alizaliwa mu zizi, na batu balikuya kumuangalia!"

"Balitumwa na malaika. We umetumwa na nani? Na balipiga magoti, habakupiga foto."

"Basi kuanzia kesho kadi ya kutembeza wageni utaniachia. Nitatafuta mwengine."

Hapo alimgusa. Siku za wageni njo siku Mama Kabibi alizozipenda, siku ambazo watu walimsikiliza kama mwalimu. Akaivua kadi shingoni na kumtupia kifuani.

"Kamata sasa hivi. Kesho ni mbali."

Mai Nkhoma akauliza kwa Kichewa kuna shida gani. Mama Kabibi akamweleza yote, polepole, bila kuhama pale mlangoni. Mai Nkhoma akageuka, akaiteremsha kwa mkono wake kamera ya mzungu mmoja, akawaambia wenzake maneno machache kwa Kiingereza. Nyuso zao zikawa nyekundu, wakaanza kurudi barabarani.

"Na mimi peke yangu, amayi, naweza kuingia kumsalimia?" aliuliza.

"Nyumba si yangu. Ngoja." Mama Kabibi akaweka mdomo kwenye turubai. "Gabriella, mama mumoja Mumalawi anaomba kukusalimia. Ni mutu muzuri."

Sauti ikajibu kutoka ndani, safari hii bila woga, "Leo hapana."

"Leo hapana," Mama Kabibi alimwambia mgeni.

"Zikomo," Mai Nkhoma akashukuru, akainamisha kichwa, akaondoka.

Alhamisi iliyofuata gari likaja tena, na kadi ilikuwa shingoni mwa Stéphanie, binti mmoja wa kwaya. Mama Kabibi alikuwa anashona. Roho ilimuuma, lakini mguu wake ulizidi kukanyaga cherehani. Stéphanie akapita kwake, amechanganyikiwa.

"Mama, Evariste anasema leo wageni baonyeshwe nyumba ya mutu."

"Mwambie abaonyeshe ya kwake."

Stéphanie akaenda, akamwambia hivyo hivyo. Gari likaelekea sokoni.